Mtafsiri wa Mahubiri

Miaka ile ya Zaire, katika kanisa letu la Tshopo, mchungaji alihubiri kwa Kiswahili na mwalimu mmoja wa shule ya msingi akatafsiri kwa Lingala, sentensi kwa sentensi. Mama yangu alijua Lingala tu. Kwake Injili yote ilikuwa na sauti ya mwalimu yule.

Ikajulikana kwamba mwalimu anaishi na mwanaume mwenzake kama mtu na mkewe. Wazee wa kanisa wakakutana sebuleni kwetu, nami nikawapelekea chai. Mchungaji alitaka atengwe. Papa, yaani baba yangu, aliyekuwa shemasi, alikataa kabisa.

"Bon, kama tunamufukuza huyu, tuanze na wanaume wenye bibi wawili. Wako hapa, wanakunywa chai yangu."

Nilijivunia papa. Wakatawanyika bila kuelewana.

Jumapili mchungaji akaamua peke yake. Alitangaza kwamba mtafsiri ametengwa, akataja na sababu, kisha akanyamaza kungoja Lingala. Mwalimu akatafsiri yote, hakuruka neno. Akafunga Biblia yake, akatoka kwa mlango wa mbele. Papa, ndani ya abakosti yake mpya, suti ile ya Kizaire isiyo na tai, alikuwa anatazama viatu.

Hadi leo sijui kama mchungaji alinyamaza pale kwa ukatili au kwa mazoea tu. Linalonikera zaidi ni la papa. Jumapili iliyofuata walimwomba yeye atafsiri, naye akasimama. Mama alisikiliza sentensi mbili tatu, akajifunga kitenge vizuri, akatoka kwa mlango uleule.