Ukucha wa Mama wa Maabara

Nimeziuzia shule nyingi vyombo vya maabara, na kila mnunuzi huanza na bei. Mama anayetunza maabara ya shule moja huanza na sikio. Huishika shingoni chupa ya kioo ya kuchemshia, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio mpaka uishe. Siku moja aliitenga iliyong'aa kuliko zote.

"Hii inaumwa, mwanangu. Mlio wake unakatika."

"Mama, sema tu unataka nikupunguzie."

Hakubishana. Aliijaza maji, akaiweka motoni. Nilipoinama kuichungulia, akanivuta mkono nirudi nyuma. Maji yalipoanza kutokota, kitako kilidondoka chote.

"Hapo ulipoinama, huwa anainama mtoto wa mtu," alisema, akitafuta tambara.

Siku hizi nazigonga chupa zote kabla ya kufunga boksi. Bado katika kila mzigo kuna moja anayonirudishia, na sibishi.