Ndevu za Katune Ziwani

Jumatatu, tarehe 1 Agosti 1983. Ukungu umeshuka Mbooni mpaka mlangoni mwa jikoni, na manyunyu ya Julai hayajaambiwa kwamba mwezi umeisha. Nimetoka nyumbani na kiondo kimoja na sweta mbili, zote nimezivaa. Naenda kumtafuta samaki ambaye sijawahi kumwona, na nisipompata, mbuzi wangu ataliwa Jumamosi.

Nieleze vizuri. Mimi hufunga nzi. Si nzi wa kweli; ni vidudu vya uongo vya kuvulia samaki: ndoano ndogo unaivisha manyoya ya shingo ya jogoo, unaizungushia uzi, mpaka samaki aone ni mdudu ameanguka majini. Bwana mmoja wa Nairobi hutuletea ndoano, manyoya na vaisi ya kubania, halafu anarudi kuchukua oda yake. Samaki wenyewe wanaitwa trauti, na wanaishi kwenye maji baridi ya milimani.

Sasa, mwaka huu kikundi chetu cha mwethya kinachimba matuta, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Mimi nimekosa mara nyingi kwa sababu ya oda. Lazima niseme haki: wao hawakukosa kwangu. Matuta yangu ya juu yamechimbwa na hao hao ninaowalalamikia hapa.

"Kazi ni kitu watu wanaona, ama wanakula," aliniambia Mama Kavata, mwenyekiti wetu, Jumamosi iliyopita mbele ya kikundi chote. "Wewe unakaa kivulini unavalisha ndoano nguo."

"Kuna samaki anakula hizo ndoano."

"Umemwona?"

"Bado."

"Mume wako amemwona?"

"Mimi nimeona tu majogoo yakibaki shingo tupu," akajibu Baba Mutuku, mume wangu, na watu wakacheka mpaka wakaegemea majembe.

Kwetu, anayezoea kukosa mwethya hutozwa mbuzi, achinjwe shambani na kikundi kile. Mtu mmoja akasema nichukuliwe jembe badala yake, maana silitumii. Mama Kavata akakataa kabisa. "Mwethya haichukui kifaa cha kazi cha mtu. Ukimchukulia jembe, kesho atakuja na nini?" Wote wakakubali, hata mimi nikatingisha kichwa. Kisha akanigeukia. "Jumamosi ijayo tuko kwako. Tuletee huyo samaki, tuone amekula hizo nguo zako, na tutaita hiyo kazi. Usipomleta, tunakula Katune."

Katune ni mbuzi wangu wa pekee, mwekundu, na ana ndevu kama mzee wa kanisa. Maziwa yake ndiyo uji wa mtoto wangu mdogo na chai ya nyumba nzima. Leo asubuhi baada ya kumkama nilimkata kipande cha ndevu nikakifunga kwenye leso. Nilifikiri, wakishindwa kungoja, nitabaki angalau na ndevu.

Jumatatu jioni, soko la Tulia. Lori la maembe lisilo na maembe, maana si msimu, limenishusha sokoni. Nimelala kwa Mjomba Kilonzo, ndugu ya mama yangu. Yeye ni mlinzi wa kibanda cha wavuvi kando ya ziwa moja huko juu Mlima Kenya, na likizo yake imeisha leo, kwa hivyo tutapanda pamoja. Mke wake ameniangalia sana.

"Unaenda kwa barafu kutafuta kitu inafanana na nyoka," akasema, "na umeacha nyumbani mbuzi inaweza kuchomwa vizuri?"

"Shangazi, ni huyo mbuzi ninamtetea."

"Haya. Mimi ningemtetea kwa chumvi."

Ameniwekea viazi vitamu vya njiani. Sitaki kumsema vibaya. Viazi vilikuwa vizuri sana.

Jumanne, Chogoria. Siku nzima barabarani. Kuanzia Embu kwenda mbele udongo ni mwekundu na mvua inaonekana haina kazi nyingine. Nimeona mito mingi, yote ikiwa na maji mwezi wa nane. Nimekaa kimya. Mtu wa kwetu akiona mto una maji mwezi wa nane anaweza kusema jambo la wivu, na wenyeji hawajamkosea kitu.

Jumatano, ziwani. Tumepanda na Landirova inayopeleka mafuta ya taa na unga. Miti ikaisha, ikaja mianzi, mianzi ikaisha, zikabaki nyasi ndefu na baridi. Kichwa kiliniuma kama nimebeba mtungi. Halafu tukavuka kilima na ziwa likawa pale chini, jeusi, dogo kuliko nilivyotarajia. Nilitarajia kitu kikubwa kwa sababu nimelifanyia kazi miaka mingi.

Hakukuwa na wageni wiki hii, na mjomba ana ruhusa ya kuvua samaki wa sufuria yake kukiwa hakuna wageni. Akaniwekea vifaa juu ya meza. Fimbo ya mwanzi uliopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi, nyepesi kama bua la mtama. Gurudumu dogo la kukunjia uzi. Uzi wenyewe, mnene kidogo kwa makusudi. Halafu kwenye ncha, nailoni nyembamba ambayo samaki haioni, na hapo ndipo nzi hufungwa.

"Kinachoruka si nzi," mjomba akanieleza. "Nzi hana uzito. Ni uzi unaruka, nzi anabebwa tu kama abiria."

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Mimi nimekulia nyuma ya plau, nikiongoza ng'ombe kwa mjeledi, na fimbo ilipoingia mkononi mkono ukakumbuka hilo tu. Nikarudisha nyuma, nikapiga mbele kwa nguvu zote. Ukasikika mlio mzuri sana, ule ambao ng'ombe wa kwetu huanza kutembea kabla haujaisha. Nzi akakatika, akaenda zake.

"Nthenya," mjomba akasema, "hapa hakuna ng'ombe."

Nikapiga tena. Nzi mwingine akaenda. Nimepoteza watatu hivyo, na ndege mmoja wa maji amehama upande wa pili wa ziwa. Jioni ndipo nilipojifunza kungoja uzi ujinyooshe nyuma kabla ya kuurudisha mbele. Mkono wa mtu wa Ukambani haujazoea kungoja kitu kijinyooshe nyuma. Sijui kama ni kweli kwa wengine; nasema wa kwangu.

Lazima pia niseme juu ya nzi wenyewe. Bidhaa ya yule bwana sikuigusa, manyoya yake sikuyagusa, na vaisi yake niliiacha nyumbani, kwa sababu hii ni kesi yangu, si yake. Nilichukua tu wale aliowakataa kwa kuwa vichwa vyao ni vikubwa. Samaki nao waliwakataa. Walikuja mpaka karibu, nikawaona kwa macho yangu, miili yenye madoadoa kama kanga wa porini, wakatazama, wakageuka. Sikuwahi kudharauliwa namna ile na kitu kisicho na mikono.

"Nyungunyungu angemtoa sasa hivi," mjomba akasema, "lakini hapa ni nzi peke yake. Hiyo ni sheria."

Nilimfikiria nyungunyungu kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Lakini samaki wa nyungunyungu angekuwa shahidi wa uongo.

Alhamisi, ziwani. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Nilijaribu tena, nikakataliwa tena. Adhuhuri nikakaa kwenye jiwe nikaanza kumlilia Katune mapema. Nikatoa leso kujifuta, ndevu zikaanguka mapajani.

Sikuwa na wazo kubwa. Mikono ilitaka tu kazi. Nilichukua ndoano ya nzi mmoja aliyekataliwa, nikamvua manyoya yote, mjomba akanibania kwa plaisi yake ya kufungia waya. Nikafumua uzi kwenye pindo la sweta ya juu, nikafunga ndevu za Katune zikilala kuelekea nyuma. Nzi aliyetoka alikuwa kitu kibaya. Yule bwana wa Nairobi angemtupa bila kuvaa miwani.

"Huyo ni nini?" mjomba akauliza.

"Sijui. Labda mzee wa kanisa ameanguka majini."

Nikarusha. Nikangoja. Nikavuta polepole, ndevu zikapumua ndani ya maji, zikifunguka na kujifunga. Halafu kukawa na uzito, na fimbo ikainama mpaka nikadhani nimeshika mlima. Gurudumu likapiga kelele. Mimi pia nilipiga kelele, mjomba ni shahidi. Samaki akaruka juu, mwekundu ubavuni, akaanguka, akakimbia, akarudi. Nilimwambia mambo mengi kwa Kikamba ambayo hakustahili. Mjomba akaingia maji ya magoti na wavu wa mkono, akamtoa.

Akataka kumtoa ndoano. Nikamshika mkono. "Mwache hivyo hivyo, mjomba. Hiyo ndiyo kesi."

Akamkausha juu ya moshi usiku kucha, na nzi wake mdomoni.

Ijumaa usiku, kurudi mpaka Tulia. Landirova ilinishusha alfajiri mpaka Chogoria, kutoka hapo nikapanda basi. Samaki alisafiri ndani ya kiondo, amefungwa majani ya mgomba. Watu walisogea mbali nami kwenye kiti. Sikuwalaumu, mimi mwenyewe ningesogea.

Jumamosi mchana, nyumbani. Kikundi kilikuwa kimemaliza tuta la chini. Sufuria kubwa ilikuwa tayari juu ya mafiga, maji yakichemka, na Katune amefungwa kwenye mparachichi akitafuna kamba yake. Nikamweka samaki juu ya jiwe nikamfunua. Wamama wakarudi nyuma.

"Hiyo ni nyoka imenenepa," mmoja akasema.

Mama Kavata hakurudi nyuma. Alichukua kijiti akamfungua mdomo, akainama, akatazama kwa muda. "Hapa hakuna manyoya ya kuku."

"Ni ndevu za Katune," nikasema.

Akaenda mpaka kwa mbuzi, akamshika kidevu, akaona palipokatwa. Akarudi. "Na wewe ndiye ulimvua?"

Baba Mutuku alinikazia macho nijibu kwa kifupi. Lakini siwezi. "Nilirusha mimi, wavu alishika mjomba. Wale wa manyoya ya kuku, ambao ndio kazi yangu, samaki waliwakataa wote. Na labda huyu alikuwa na njaa tu siku hiyo, sijui." Mume wangu akakohoa kama amemeza nyuki.

"Basi nimesikia," Mama Kavata akasema. "Wewe ulirusha, mjomba wako akatoa, na aliyemdanganya samaki ni mbuzi. Tulisema tutaona kazi yako. Hii tumeona ni kazi ya mbuzi. Leteni kisu."

Nilifikiri kwamba amesema haki, na kwamba nimempoteza Katune kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisu kikaja. Ndipo nikasema, polepole, maana sikuwa na hakika:

"Mama Kavata, kama mbuzi ndiye alifanya kazi, si basi yeye ni kifaa changu cha kazi?"

Maji yaliendelea kuchemka.

"Na mwethya," nikaongeza, "haichukui kifaa cha kazi cha mtu. Sikusema mimi."

Yule aliyekuwa na kisu ndiye alianza kucheka. Mama Kavata aliangalia sufuria, akaangalia samaki, akaangalia ndevu. Yeye pia ni mtu wa haki, lazima niandike hivyo.

"Sawa," akasema. "Jembe haliliwi. Lakini jembe huja kazini. Jumamosi ijayo tuko kwangu. Utakuja na mbuzi, utafunga hao nzi wako juu ya tuta tukikuona. Na mkono ukichoka kufunga, ulete pia lile jembe lingine, lisilo na ndevu."

Nimekubali. Nilichojifunza safarini ni kidogo: uzi ungojewe ujinyooshe, na ukweli vilevile. Labda nimekosea, lakini mbuzi yuko hai.

Maji ya sufuria hayakumwagwa. Tulipikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kikundi kikala, na sisi wa nyumba tukala uliobaki jioni, pamoja na chai ya maziwa ya Katune. Samaki nilimchemsha kando kwa kitunguu. Mama mkwe, ambaye mchana kutwa alikuwa amekaa mbali naye, alisogeza kigoda karibu na sufuria, akaonja mkia, kisha akauliza kama hiyo nyoka yetu ina upande mwingine.