Mlango wa Bi Zeyana

Enzi zetu, sisi wa mji wa kale wa Malindi, picha haikupigwa ovyo. Vijana wa leo hupiga picha sahani ya chipsi kabla ya kuzila, kisha zikipoa wanamlaumu mpishi. Sisi tulikogeshwa, tukapakwa mafuta ya nazi mpaka mapaji yakang'ara, ndipo tukapelekwa kwa Bi Zeyana.

Bi Zeyana alipiga picha wanawake tu. Kamera yake ya mbao aliirithi kwa mamake, aliyewapiga picha mabibi wa mji tangu zama za taa za mafuta. Chumba kilinukia udi na dawa za kusafishia picha. Wanaume waliishia barazani, hata wawe na haraka gani.

Bibi yangu mzaa mama alipoanza kudhoofika, mama aliingiwa na hofu kwamba atakufa na sura yake isibaki popote. Bibi hakuwahi kupigwa picha.

"Uso wangu hauonwi na mwanamume wa kando," alisema, "na karatasi haivai buibui."

Mama alimbembeleza hadi akakubali kwenda, nami msichana mdogo nikafuatana nao. Alipofika, hata kuketi hakuketi.

"Na wa kuisafisha ni nani?" bibi akauliza.

"Ni mimi, mama. Haipiti mkono mwengine," Bi Zeyana akajibu.

Bibi akamtazama sana, kisha akaniambia, "Mwanangu, funga mlango." Nikatia komeo. Ndipo akavua buibui.

Siku ya kuichukua, Bi Zeyana aliniingiza chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu alitumbukiza karatasi nyeupe kwenye beseni la dawa. Yakatokea macho, kisha kipini cha puani, kisha bibi mzima, ananitazama kutoka majini. Nikasema Subhanallah bila kuambiwa na mtu. Hata leo nikikumbuka, sina neno jengine.

Mwaka ule ule bibi alikwenda mbele ya haki. Picha ikakaa kashani, na hakuna mwanamume wa kando aliyewahi kuiona.

Juzi mjukuu wangu, ambaye simu haimtoki mkononi, aliniomba aione. Nilisita. Siku hizi uso huzunguka dunia kabla mwenyewe hajafumba jicho. Nikamweleza neno la bibi, huku picha ingali imefunikwa kitambaa mapajani mwangu.

Akaiweka simu chini, akainuka, akaenda kutia komeo.