Mtungi wa Kuyeyuka

Sina imani na mtu anayeuza kwa sauti ya chini. Mama yangu aliuza leso sokoni Mombasa, naye alinifundisha mapema kwamba mwenye kizuri hukinadi, mwenye kibovu hunong'ona. Kwa hiyo yule kijana wa duka la mazishi pale Wembley, London, aliponong'ona kwamba mtungi wake wa majivu ni rafiki wa mazingira, kwamba ukitiwa majini unayeyuka wote na kifuniko chake, nilikunja uso palepale.

Nilikuwa nimemsindikiza jirani yangu. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee, na yeye alikuwa mama wa Kihindi mwenye umri wa kunizaa, mzaliwa wa Mombasa kama mimi. Kiswahili ndicho kilichotufanya ndugu. Mumewe alikuwa amefariki na kuchomwa, kama dini yao ya Kihindu inavyotaka, na sasa majivu yalipaswa kutiwa kwenye maji yanayokwenda ili roho iende zake. Mwanawe alitaka yapelekwe India. Mama akakataa kabisa. Mzee hakuwahi kukanyaga India, alisema, atapotea huko. Aingie mto Thames, mto umfikishe baharini, na bahari ni moja. Lakini wasimamizi wa mto hawakutaka makopo wala plastiki, ndiyo maana tukawa tunatafuta mtungi wa kuyeyuka.

Hofu yake alinieleza ndani ya basi. Mtungi ukiwa wa uongo, mzee atafungika humo, aelee pamoja na chupa za bia mpaka akwame kwenye matope na mbwa waje kumnusa.

"Atakuwa hajaenda na hajabaki," akasema.

Basi tukaingia kazini. Mtungi wa yule kijana ulikuwa wa karatasi iliyosagwa na kukandwa, na maua makavu yamebandikwa ubavuni. Niliugonga kwa kidole, nikaunusa, nikaupima kwa mkono. Nilimuuliza vipi kitu cha kuyeyuka kinakaa rafuni bila kubonyea. Akatabasamu, na tabasamu lile likanizidishia shaka. Tulitoka mikono mitupu. Duka la pili walikuwa na wa unga wa mahindi. Mama akasema panya watautafuna kabla haujafika mtoni. Tukaenda mpaka Tooting, kusini mwa London, tukaonyeshwa mtungi wa chumvi, mzuri, mweupe, mzito. Mama akaugeuzageuza akasema chumvi itamwasha mzee.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama yeye kwa jicho la pembeni. Majivu hayawashwi, na mama huyu hakuwa mjinga.

Kulikuwa na jambo jingine. Desturi yao haikuruhusu majivu kulala ndani ya nyumba, kwa hiyo alikuwa ameyaweka kwenye kibanda cha bustani, kati ya reki na makopo ya rangi. Kutoka dirisha la jikoni kwangu nilimwona kila alasiri akiingia humo na kikombe cha chai, koti mwilini, na kurudisha mlango. Nilipomuuliza, alisema anatafuta makasi. Makasi gani yanayotafutwa na chai mkononi?

Kisha mwanawe akanipigia simu, kwa Kiingereza cha adabu, kuuliza kama ni mimi ninayemtia mama yake wasiwasi. Nilikasirika. Nikaamua maneno yakatwe siku hiyohiyo. Nilirudi kwa yule kijana, nikanunua mtungi wake wa karatasi, nikamwendea mama na kumwambia tuujaribu. Tuujaze unga wa chapati, tuutie kwenye bafu lake la kuogea. Ukigoma kuyeyuka, mimi mwenyewe nitaurudisha dukani na kelele juu.

Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Alichekecha unga kana kwamba anapika, akaujaza mtungi mpaka shingoni, akaufunika. Nilifungulia maji baridi. Tukauweka juu ya maji, nao ukaelea, mkavu, ukizunguka taratibu kama bata.

"Nilikwambia," akasema. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mzee afe. Nami nilifurahi, siwezi kukataa. Nilijiona nimemshika yule mnong'onaji.

Tulipiga gumzo huku tukiutazama. Mtungi ukainama upande mmoja. Kitako kikalegea, kifuniko kikazama, na unga ukaanza kutoka polepole, ukaenea chini kwa chini mpaka maji yote yakawa meupe. Ubavu wa mwisho ulikunjika wenyewe. Yakabaki maua tu, yakielea.

Nikasema yule kijana kumbe hakudanganya. Nikasema sasa tumepata, mwanawe anaweza kupanga siku. Tabasamu lilikuwa limekwisha usoni mwa mama, na nilipoona midomo yake inavyotetemeka nikaelewa kwa nini mitungi yote ya London ilikuwa na kasoro. Nikatafuta cha kufanya kwa mikono. Niliitumbukiza majini kutafuta kizibo cha bafu, maji yatoke.

Akanishika mkono.

"Usivute."

"Mama, ni unga."

"Najua ni unga," akasema. "Acha kwanza."