Bakuli Lililosuguliwa kwa Udongo

Binti yangu alipoomba mbwa, sikumuuliza mbwa gani wala atalala wapi. Nilimuuliza ametumwa na nani. Mtoto wa miaka mitano haamki tu asubuhi, kabla hata chai haijapoa, akasema anataka mbwa, tena anamtaka kabla shule hazijafungwa. Haraka hiyo ilitoka wapi? Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anapaka mkate siagi kwa utulivu ambao sikuupenda hata kidogo.

Tangu tujenge hapa Kitengela, mume wangu amekuwa akiimba wimbo mmoja, kwamba boma bila mbwa si boma. Nikamwambia pale pale mezani kwamba amemlisha mtoto maneno. Akakana katakata, kisha akajiharibia mwenyewe kwa kuongeza kwamba wazo lenyewe si baya.

Mimi sikutaka, na sababu yangu ilikuwa moja tu, ile familia ya Kisomali iliyokuwa jirani yetu. Binti yetu hana ndugu. Tulipohamia hapa alikuwa akipanga vikombe vya plastiki kwenye ngazi ya jikoni na kuvisalimia kimoja kimoja, na mimi nikimtazama nasikia uchungu. Kisha msichana wa jirani, aliyemzidi umri kidogo, akajipenyeza kwenye pengo la mabati yanayogawa ploti zetu, akaketi kati ya vikombe na kuuliza nani ni mwalimu. Tangu siku hiyo vikombe vilirudi kabatini. Sasa nilikuwa naona kabisa mbwa akiingia kwa geti na yule msichana akitoka asirudi tena, maana kila mtu anajua Waislamu na mbwa hawapatani. Nilimjibu binti yangu kwamba tutafikiria, jibu ambalo watoto wote wanajua maana yake.

Hakulia. Hilo ndilo lililoniongezea wasiwasi. Alitikisa kichwa kama mtu mzima aliyenyimwa kitu ofisini, akaenda zake.

Nikaanza kuwachunguza wote. Chapati zilizobaki zilikuwa zinapungua. Mtoto alikuwa akitoka mezani na mfuko wa sweta umevimba. Jioni moja nilimkuta akiwaambia kuku wetu "wou, wou," neno la Kimaasai la kumwita mtu aje. Nyumbani tunaongea Kikuyu na Kiswahili, na shuleni ni Kiingereza. Nilipomuuliza ni nani amemfundisha, aliangalia ukuta.

Na jirani yangu naye alikuwa amebadilika. Mimi na yeye tuliitana kwa majina ya watoto wetu, na tulikuwa na bakuli moja la bluu lililotembea kati ya nyumba zetu. Lilikuwa langu, lakini halikuwahi kurudi tupu, na mimi pia sikulipeleka tupu. Mimi nilimpelekea mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, nikihakikisha hauna hata tone la mafuta ya nyama, kwa sababu najua hawali nyama isiyochinjwa kwa njia yao. Yeye alinirudishia anjera, ile mikate yao laini yenye vitundu. Watoto ndio waliokuwa wakilibeba. Lakini siku hizo salamu zake zilikuwa zimekuwa fupi, na mara nyingine nilimwona akitaka kusema jambo kisha akajifanya anarekebisha mtandio.

Basi alasiri moja, nikianua nguo, nikachungulia juu ya mabati. Jirani alikuwa ameinama kwenye mfereji wa nje. Mkononi alikuwa na bakuli langu la bluu, ambalo saa sita mchana lilikuwa limejaa mukimo. Alichota udongo, akalisugua ndani na nje, akalisuuza, akarudia kwa maji, akarudia tena. Maji hapa hununuliwa, hakuna anayeyachezea hivyo. Niliganda pale na shuka mkononi. Huyu mwanamke anaosha uchafu wangu, nikajiambia. Miaka yote hii ananichekea, kumbe chakula changu kwake ni najisi.

Nilikasirika sana. Nikamwambia mume wangu kwa simu kwamba mbwa anunuliwe leo, tena mkubwa, na afungwe karibu na yale mabati. Akauliza kumetokea nini. Nikakata simu. Kisha nikajifunga leso nikaenda kwa jirani nikiwa na maneno yangu tayari.

Alinifungulia kabla sijabisha mara ya pili. Bakuli lilikuwa mezani, linang'aa, limejazwa anjera na kufunikwa. Nilimuuliza, bila salamu, ni kitu gani alichoona kwenye mukimo wangu mpaka atumie udongo.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa, kisha akashika mdomo.

"Wacha, uliniona," akasema. "Hiyo bakuli ililambwa na mbwa. Kwetu chombo ikilambwa na mbwa lazima ioshwe mara saba, na mara moja iwe na udongo. Sikutaka irudi kwako ikiwa chafu."

"Mbwa gani?"

"Ile ya mjengo. Si watoto wetu ndio wanalisha? Leo mukimo haikufika kwangu, wote wawili walimpelekea."

Nyuma ya ploti zetu kuna nyumba ambayo mwenyewe aliishiwa na nguvu kabla ya kuweka paa. Mlinzi wake alikuwa Mmaasai, na alipoachishwa kazi alirudi kwao, akamwacha mbwa. Nilijua yote hayo. Sikujua kwamba mbwa bado yupo, wala kwamba anaelewa Kimaasai peke yake, wala kwamba watoto walilishika lile neno kwa kumsikia mlinzi akimwita.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alifikiri ninajua, na kwamba ninawaficha habari za mbwa kwa sababu wao ni Waislamu. Nikamwambia nimekataa mbwa kwa sababu yao hao hao.

"Mbwa ya kulinda boma haina shida," akasema. "Baba yangu alikuwa na mbuzi, mbwa zilikuwa. Ndani ya nyumba ndio hapana."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anarekebisha mtandio.

"Kuna kitu ingine. Tunahamia Kajiado, shule zikifungwa. Mzee anataka kuwa karibu na soko ya mbuzi. Kila siku nasema nitakuambia, nashindwa." Akavuta pumzi. "Msichana yangu alimwambia yako kitambo. Ndiye alimwambia aombe mbwa, asibaki peke yake."

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Katika wote niliowashuku, sikuwa nimefikiria kwamba aliyemtuma binti yangu ni yule yule niliyeogopa kumpoteza. Iliniuma sana, na nilimwambia hivyo.

Tulitoka pamoja kwa mlango wa nyuma, mimi nikiwa na bakuli. Watoto walikuwa wamekaa kwenye rundo la mawe la ile nyumba, na kando yao mbwa wa rangi ya majani makavu, mbavu zikihesabika. Waliponiona wakasimama wote watatu. Binti yangu akajiweka mbele ya mbwa. Mbwa naye alinitazama vile mimi huwatazama watu.

Nikachuchumaa, nikaweka bakuli chini, nikaikata anjera vipande vipande.

"Wou," nikasema. Hakusogea. Msichana wa jirani akaninong'oneza niseme polepole. Nikarudia, na mara hii akaja, kiwiliwili chini, akaingiza mdomo ndani ya bakuli.

"Na vile nimeisugua," jirani akasema nyuma yangu.

"Acha tu," nikamwambia. "Sasa ni yake. Mimi na wewe hatutakuwa na mahali pa kuipeleka."

Alichuchumaa kando yangu, mbali kidogo na mbwa, tukamtazama akila mpaka akamaliza.