Kipepeo Chini ya Kawa

Fuad wa Bi Mwanatumu ana kazi nzuri ya ofisini na wazimu mmoja: vipepeo. Kila Jumapili msimu wa joto hutoka kwake mtaa wa Buxton, kofia pana kama ungo, kamera kifuani, akiongoza wenziwe kwenda kutazama vipepeo "mashambani". Mashambani gani kisiwani hapa, sijui. Huzunguka vichaka vya nyuma ya maghala, akinyata na kunong'ona, na watu wazima na akili zao humfuata.

Mamake anakaa Mji wa Kale, milango yetu inatazamana. Kutoka Buxton hata miguu yafika. Lakini Fuad hakuwa amekanyaga hapo tangu Idi ya mwaka jana. Shughuli, husema kwa simu. Vipepeo wana nafasi yao. Aliyemzaa apange foleni.

Na Bi Mwanatumu naye! Kwetu kipepeo akiingia nyumbani ni dalili ya mgeni. Basi kila akimwona mmoja hubandika chungu: wali wa nazi, samaki wa kupaka. Mwanawe haji. Chakula hula sisi majirani, nami sikatai, ingawa kila tonge humsema Fuad.

Jumapili moja alikuwa amekwishapika kwa ajili ya kipepeo wa asubuhi, tumeketi tukitazama sahani, akaingia mwingine, mkubwa, mweusi mwenye samawati, akatua mezani. Nyuma yake huyo Fuad, jasho tele. Bi Mwanatumu machozi yakamlenga.

"Shhh! Usisonge, mama!"

Hata shikamoo hakutoa. Macho yalikuwa mezani, wala si kwa samaki.

Bi Mwanatumu akafahamu. Akanyanyua kawa la kufunikia chakula, akamfunika kipepeo, pap!

"Keti ule, mwanangu. Ukisha n'tafunua."

Akala. Alikula mbiombio, jicho kwenye kawa, asiulize habari ya mguu wa mamake unaovimba. Sahani ilipokwisha, kawa likafunuliwa, kipepeo akarukia nje kupitia dirishani, Fuad akatoka mbio kumfuata.

"Walau amekula, Mahira," Bi Mwanatumu akaniambia. Nilitaka kumtukania mwanawe; nikakusanya sahani.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, nilimkuta Bi Mwanatumu kwenye nyasi nyuma ya nyumba zetu, mguu umefungwa kitambaa, leso mkononi, kawa kwapani, akinyatia kipepeo.