Jagi Jekundu Juu ya Meza ya Ansbert

Mimi, bibi mzima, nimeweka jagi la mkojo juu ya meza ya biashara ya mtu. Mchana kweupe, Kariakoo.

Mkojo wenyewe wangu. Mwekundu kama juisi ya rozela.

Msikunje pua. Sikilizeni kwanza. Mkimaliza hamjakasirika, niiteni kichaa.

Naitwa Evarista. Nauza zipu na vifungo Mtaa wa Kongo tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mtoto wangu ni mmoja tu, Leticia, anakaa Magomeni. Mwaka jana titi lake liliota uvimbe. Wakapima, saratani.

Hospitali wakamwanzishia dawa nyekundu ya kwenye mshipa. Daktari wake, Evelyn, binti ambaye utafiti wake ndio hizo dawa, alinieleza mpaka nikaelewa. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna kitu kinaitwa DNA, na chembe haiwezi kuzaa nyingine mpaka DNA ifunguke. Dawa inajipenyeza katikati yake na kung'ang'ania humo.

Nikamwambia, kumbe kama uzi ulionasa kwenye meno ya zipu. Akacheka, akasema ndiyo hivyo, uvimbe unashindwa kukua. Ila nywele nazo hukua haraka, kwa hiyo nazo zinapata kipigo.

Sasa, ukipewa dawa ile, unakojoa nyekundu. Wanawake wa wodini wakaifanya ndiyo salamu yao: umeona nyekundu? Ukiona, basi dawa imeingia, unapona. Evelyn alichoka kuwaambia kwamba ile ni rangi tu inayotoka, haipimi kupona. Nani amsikilize.

Ndipo akatokea Ansbert.

Koti jeupe, meza karibu na soko, chupa zimepangwa. Spika inaimba kutwa: inashika DNA, nywele hazinyonyoki, jioni utaona nyekundu.

Leticia, kichwa kimeshakuwa kama yai, akanywa. Jioni akaona nyekundu. Hospitali akaacha.

Nilibembeleza, nikalia, nikatukana. Akanijibu, "Mama, nimeona kwa macho yangu."

Zamu moja ya dawa ikapita. Uvimbe haungoji watu wamalize ubishi.

Nikaionja ile chupa. Bitiruti na sukari, hakuna kingine. Kesho yake nikaingia sokoni, nikanunua bitiruti, nikala mpaka meno yakawa ya mchawi. Asubuhi nikachukua jagi, na Leticia nikamkokota twende wote.

"Shikamoo, daktari," nikamwambia Ansbert.

Ningeweza kumzaa yule. Na bado akaitikia, "Marahaba."

Watu wakaguna. Nikaweka jagi mezani, nikamuuliza dawa yake imenikubali au imenikataa. Akalinyanyua juani, akalikagua kama msomi.

"Imekukubali sana, bi mkubwa. DNA yote imeshikwa."

Nikafungua fundo la khanga, nikamtolea bitiruti. "Basi imeshikwa na hii. Jana sikugusa chupa yako."

Watu walicheka mpaka wabeba mizigo wakatua mizigo. Asiyecheka ni yule mmoja niliyekuja kwa ajili yake. Leticia alivuta mtandio usoni, akaniambia nimemwaibisha mbele ya watu, akaondoka zake.

Nikabaki na jagi langu. Nimeshinda kesi, nimepoteza mtoto.

Hapo Hajira, muuza nyanya wa meza ya pili, akaniinamia sikioni, akaniambia Ansbert huwa anashinda wapi siku za Alhamisi. Hasira zikanipanda. Kisha nikatulia. Hasira ikipata akili haipigi kelele.

Nikaenda Magomeni, nikamwambia Leticia mimi nami nina uvimbe, naogopa kwenda hospitali peke yangu. Akashika, akaukuta, akalia. Lilikuwa donge la vifungo ndani ya sidiria.

Alhamisi tukaingia wodini. Kiti cha dirishani amekaa mama wa rika langu, kichwani hana hata unywele, dawa nyekundu inamwingia mshipani. Pembeni kijana amemshikia beseni la kutapikia.

Ansbert. Bila koti.

Leticia akamsogelea. "Mama yako humpi ile chupa?"

Kijana akainamia beseni kama yeye ndiye anayetapika. Aliyejibu ni mama yake, kwa sauti ya uchovu.

"Chupa gani, mwanangu?"

Nilikuwa nimepania kumpiga kiatu mbele ya wagonjwa wote. Nikaona yule mama anavyomtazama mwanawe, akisubiri jibu. Nikakirudisha kiatu mguuni. Kisingemuuma kama macho yale.

Leticia akavua mtandio, akakunja mkono wa gauni, akamwambia Evelyn wampime damu aanze tena.

Kama atapona, Mungu ndiye ajuaye. Mimi najua amerudi kwenye kiti.

Hasira zangu hazijaisha, na wala sitaki ziishe. Ila shikeni hili: kanjanja usimuulize dawa yake imemponya nani. Muulize mama yake anatibiwa wapi.